Ombi la Kuhamishiwa Mtakatifu

Brezovac, tarehe 8 Oktoba

Kwa Mhashamu Baba Askofu wa Kanisa la Kiorthodoksi,

Naubusu mkono wako kwa mbali, maana basi la mjini siku hizi hupita kwetu Jumanne tu, na Jumanne hii nina pilipili hoho za kuchoma. Mimi ni Milunka Gajić, mke wa Tihomir, nyumba ya tatu baada ya kisima. Nina miaka sitini na minne, nyumba yangu ni safi, na sijawahi kulisumbua Kanisa isipokuwa mara ile ya kengele, na kengele yenyewe ilikuwa imepasuka kweli.

Naandika kuomba jambo dogo. Naomba nyumba yetu ibadilishiwe mtakatifu.

Sina ugomvi na Mtakatifu Nikola. Nimemwashia mshumaa kila tarehe kumi na tisa Desemba kwa miaka thelathini na nane, tangu nilipoolewa nikamkuta ukutani kwa akina Gajić. Unajua kuliko mimi kwamba mtakatifu wa nyumba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mwanamke humpata pamoja na mume na mama mkwe. Mume nilimchagua. Mama mkwe nilimvumilia. Kuhusu mtakatifu sikuulizwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Watu wa Nikola ni wengi mno. Kijiji chetu kina nyumba ishirini na sita, na kumi na tisa ni za Nikola. Kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, mgeni haalikwi. Anayeikumbuka siku anakuja mwenyewe, na mwenye nyumba anamsubiri mlangoni na bakuli la ngano tamu. Sasa piga picha, Mhashamu, wanawake kumi na tisa wamesimama kwenye milango kumi na tisa na mabakuli kumi na tisa, wakitazamana. Wageni wote wanatoka nyumba saba zilizobaki, nao wakifika kwangu wanakuwa wameshiba mpaka kooni. Mwaka jana Mzee Obrad aliingia saa tisa alasiri, akavua kofia, akamwona samaki mezani, akaketi mbali naye. “Milunka binti yangu,” akasema, “niache nikae tu. Nikila samaki mwingine leo nitaota magamba.” Nilimpa kiti. Nilikuwa nimepika sufuria mbili za sarma, nimekunja wali ndani ya majani ya kabichi mia moja na arobaini, kila moja saizi ya kidole gumba. Tulikula sarma mpaka Mwaka Mpya, na kuku nao wakala.

2. Padri hana muda. Simlalamikii Padri Sava, ni mtu mwema na mama yake namfahamu. Lakini siku ya Nikola ana mikate kumi na tisa ya kubariki kwetu na thelathini huko kijiji jirani cha Gornje Polje. Mwaka jana alibisha hodi saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Mkate wangu ulikuwa bado unafuka, Tihomir amevaa soksi moja. Padri akaukata msalaba, akaumwagia divai, akauzungusha na Tihomir, wakauvunja, na alipokuwa anaimba ubeti wa mwisho, chetezo kilikuwa kimeshatoka nje. “Padri, kaa basi, onja hata kijiko cha ngano!” nikamwambia. “Mama Milunka, nikikaa hapa, mikate ya Gornje Polje nitaibariki Krismasi!” Dakika nne. Nilitazama saa ya oveni. Mkate ule niliufanyia kazi siku mbili.

3. Siku yenyewe huangukia ndani ya mfungo. Jaribu wewe kutengeneza keki ndogo za aina kumi na moja bila yai, bila maziwa, bila siagi. Sisemi zaidi.

4. Mdogo wangu Radojka. Hapa naomba usome polepole. Radojka aliolewa Gornje Polje, kilomita kumi na moja kutoka kwangu, na fundi wa kuezeka mapaa, mwanamume asiye na kasoro ila moja: nyumba yake nayo ni ya Nikola. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na tano dada na mdogo wake hawajawahi kukaa kwenye slava ya mwenzake hata mara moja. Yeye yuko mlangoni kwake na bakuli, mimi niko mlangoni kwangu na bakuli. Utaniambia kuna siku ya pili ya slava. Siku ya pili, Mhashamu, ni ya vyombo, ya mabaki na ya binamu waliokosea tarehe. Mkate umeshavunjwa na njiwa ameshaliwa.

5. Njiwa. Mkate wa slava hupambwa kwa maumbo ya unga uliokandwa vizuri: zabibu, masuke, pipa dogo la divai, na katikati kabisa njiwa. Marehemu mama alitufundisha njiwa huyo sote wawili, kwenye meza moja na kisu kimoja, macho yakiwa punje mbili za pilipili manga. Kila mwaka Radojka ananitumia picha ya njiwa wake kwa simu. Mwaka jana nilimwandikia, “Kuku wako amenenepa, hongera.” Akajibu, “Afadhali kuku. Wako ana macho ya mkagua tiketi.” Nami nikamwambia kwamba mama alikunja mabawa kwa ndani, yeye akaapa kwamba mama aliyakunja kwa nje na kwamba mimi siku ile nilikuwa dirishani nikimchungulia Tihomir akipita na trekta. Jambo hili haliamuliwi kwa picha za simu. Linahitaji mikate miwili ya moto kwenye meza moja na watu waliomjua mama.

Na kwa kuwa naandika kwa kiongozi wa dini, nitasema ukweli: namkosa. Kahawa tunakunywa, kwenye mazishi tunaonana, mitungi ya achari tunaazimana. Lakini kumfungulia mdogo wangu mlango siku ya slava, amevaa vizuri, nikampa kijiko cha ngano na kumwambia karibu ndani, hilo sijawahi kulipata. Nimeliweka chini ya namba tano ili lisionekane sana.

Sasa ombi lenyewe. Naomba tupewe Mtakatifu Luka, tarehe thelathini na moja Oktoba.

Luka alikuwa mtakatifu wa baba yetu, Živadin. Baba hakujaliwa wana wa kiume, alijaliwa sisi wawili, na alikuwa anasema tunatosha na chenji inabaki. Alipofariki, Luka hakuwa na mtu wa kumrithi. Ni miaka kumi na miwili sasa mshumaa wake haujawashwa. Nyumba ya baba imefungwa, ufunguo anao Radojka, na picha ya Luka ninayo mimi kabatini, imefungwa kwenye kitambaa alichofuma mama. Kila tarehe hiyo naifungua, naipangusa, naifunga tena, kisha siku nzima namgombeza Tihomir bila sababu.

Faida ni wazi. Luka huwa nje ya mfungo, kwa hiyo nyama na siagi. Kijijini kwetu hana hata nyumba moja, kwa hiyo nyumba zote ishirini na tano zitakuja kwangu na njaa zao. Padri Sava atakaa mpaka keki. Na Radojka, akiwa amebaki na Nikola wake, ataweza kuja kwangu Oktoba, nami nitakwenda kwake Desemba. Nikola ana nyumba nyingi. Moja ikipungua hatatambua, na nipo tayari kumpa taarifa ya miezi miwili.

Ikiwa sheria inakataa, kwa kuwa mtakatifu hufuata mwanamume, naomba Tihomir aandikwe kuwa mtoto wa kulea wa marehemu baba yangu. Nilimuuliza mezani. Akatafuna, akameza, akasema, “Sawa, mradi supu ibaki ileile.” Baadaye akafikiri, akaongeza, “Lakini Milunka, hapo si nitakuwa kaka yako?” Ugumu huo sikuwa nimeuona, namwachia Mhashamu.

Ikiwa na hilo halifai, basi ahamishwe Nikola mwenyewe, kwa wote, aende mwezi Juni. Wanawake kumi na wanane watatia sahihi. Wa kumi na tisa ni shemeji yangu Verica, yeye hupinga kila kitu.

Nakutakia afya njema na magoti yasiyouma. Wasalimie mashemasi, wanakwaya, mama anayekupikia, na yule kijana wa ofisini aliyeniambia kwenye simu kwamba barua kama hii haina fomu yake. Tihomir anakusalimu, na Mzee Obrad pia, ingawa hajui nimeandika nini.

Wako mtiifu hadi utakapojibu,
Milunka Gajić, mzaliwa wa nyumba ya Luka

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, simu ikalia. Radojka. Akaniuliza, kwa sauti ya asali, kama naweza kumwazima picha ya Luka, “kuisafisha tu, dada.” Radojka hajasafisha kitu kwa hiari tangu shule ya msingi. Nikambana. Akakiri kwamba Alhamisi iliyopita alikuandikia barua, kurasa nne, akikuomba nyumba yake ihamishiwe kwa Luka, ili mimi niweze kwenda kwake. Kwa hiyo, Mhashamu, ukitukubalia sote tutakuwa tumehama pamoja na kufika tena siku moja, kila mtu mlangoni kwake na bakuli lake. Tulicheka, halafu hatukucheka. “Sasa tufanyeje, dada?” akauliza. Nikamwambia, “Wewe lete ufunguo, mimi naleta picha.”

Basi naomba barua zote mbili uzitupe. Nikola abaki ukutani alipo. Tarehe thelathini na moja tutakuwa nyumbani kwa baba, mimi na Radojka, mlango mmoja na bakuli moja, na hilo tumeona halihitaji kibali cha mtu. Mikate itakuwa miwili. Padri Sava atakuja kubariki, lakini amekataa katakata kuamua habari ya njiwa, anasema ana watoto. Anahitajika mtu mwenye cheo zaidi. Kwenye slava mgeni haalikwi, kwa hiyo sikualiki. Nakukumbusha tarehe tu.