Majani ya Bwana Chande Yasiyokunywa Maji

Jumatatu, 21 Septemba 1998

Nimepata kazi kwa Bwana Chande, mwenye duka la vitambaa, hapa hapa Matogoro. Uani kwake kuna majani ya plastiki. Yametoka ng'ambo yamekunjwa kama mkeka, yakatandazwa ua mzima. Jiko la mkaa liliangukia katikati, likatoboa tundu la upana wa sinia. Natakiwa nilizibe kabla ya ndoa ya binti yake Mwanaisha, Jumamosi ya wiki ijayo.

Nimemwambia majani yote nayajua. Nilifyeka bomani enzi za mkoloni, Mzungu akaja kuangalia, akakosa la kusema. Bwana Chande akasema haya hayafyekwi wala hayamwagiliwi. Nikaitikia. Mtu wa vitambaa anajua nini kuhusu majani?

Otto, mlinzi wa nyumba ya pili, naye anaitaka kazi hii. Bwana Chande amesema wazi: tundu likionekana siku ya ndoa, kazi ya ua anapewa Otto.

Jumanne, 22 Septemba

Bwana Chande kasafiri Tunduru. Nimemwagilia. Maji hayanywewi, yanapita tu chini. Labda yameshiba. Jua kali, hayanyauki. Nimeyatazama mpaka kichwa kikauma. Sielewi.

Nimekata kiraka nyuma ya tangi la maji. Nani atakwenda nyuma ya tangi? Nikakibandika kwa gundi ya viatu. Safi! Lakini ukisimama langoni kiraka cheusi, ukisimama jikoni kiraka cheupe. Kiraka kile kile! Otto akachungulia juu ya ukuta, akasema nimekiweka kinyume: majani mengine yamelalia upande wa mjini, ya kiraka yamelalia upande wa Peramiho. Nikigeuze tu.

Ningekigeuza. Lakini si ataenda kutangaza kwamba yeye ndiye aliyenifundisha? Kimebaki hivyo hivyo.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimepata akili. Kanzu ikijikunja wanafanyaje? Wanapiga pasi. Nimeazima pasi ya mkaa, nimeijaza vizuri, nimekandamiza.

Kukatoka moshi na harufu mbaya. Nilipoinua pasi, kiraka kikaja nayo. Na majani ya pembeni yake yakaja pia. Tundu sasa upana wa ungo.

Mwanaisha akatoka mbio. Hata hivyo shikamoo hakuisahau, ana adabu. Akalitazama tundu. Akasema mama mkwe wake wa Nakapanya ameshatangaza kwamba nyumba ya Chande ni maringo matupu, kila kitu cha kuigiza. Ndoa yenyewe mama huyo alikuwa haitaki.

"Babu, nakuomba," akasema. "Asipate cha kusema."

Nikamwambia alale usingizi, mimi Beda nipo. Yeye akaondoka anafuta macho. Mimi nikabaki nakwangua pasi ya watu.

Ijumaa, 25 Septemba

Mke wangu Benigna ananung'unika. Ulezi wake wa pombe hauna pa kuanikwa, chini mchanga mtupu. Nikawaza: kwa Chande kuna mkeka mkubwa namna ile na mwenyewe hayupo! Nimeupeleka ulezi kwa baiskeli, nimeumwaga juu ya majani, umekauka vizuri.

Kuuzoa ndiyo kasheshe. Chembe zimezama katikati ya majani. Nikifagia huku zinahamia kule, nyingi zikaangukia tunduni. Nikamwaga maji ya kuzisafisha. Nazo zikaishia tunduni. Nimerudi na kidogo sana. Benigna akauliza, "Baba Romanus, mwingine uko wapi?" Nikasema ndege. Akauliza ndege gani anachota ulezi kwa kibuyu. Nikaingia kulala, nilikuwa nimechoka.

Jumatano, 30 Septemba

Ajabu! Tundu limeota! Majani mabichi, membamba, yamejaa mpaka ukingoni. Nilisema mimi kwamba yanataka maji. Plastiki imekubali.

Otto kachuma jani, kalitafuna, kasema huu ulezi. Nimemjibu ulezi unaota shambani, si kwenye plastiki. Wivu unamsumbua. Mwanaisha alicheka, mara ya kwanza wiki nzima, akaniambia nisiguse kitu tena. Kwa hiyo nimeongeza maji tu.

Jioni Bwana Chande karudi. Akasimama langoni, akasema tundu halionekani. Otto alisikia. Nilihakikisha.

Jumamosi, 3 Oktoba

Ndoa. Wakwe wamekuja na beberu mkubwa. Bwana Chande akaagiza nimfunge nyuma ya tangi. Nyuma ya tangi! Pale nilipokata! Nikamfunga pembeni mwa ua, kamba ndefu, maana mbuzi hali plastiki.

Watu walikuwa sebuleni, ndoa inafungwa. Beberu akaenda moja kwa moja tunduni. Akala. Nikamvuta, naye akavuta, mizizi ikaja na udongo wake. Mara wageni hao, wanatoka. Tundu wazi, jeusi, beberu katikati anatafuna, mimi nimeshika pembe.

Bwana Chande akashika kichwa. Mama mkwe akasogea, akatazama mdomo wa beberu, akatazama majani.

"Kumbe ya kweli!" akasema. "Na mimi niliyeambiwa ni plastiki. Chande, unisamehe."

Akamkumbatia Mwanaisha mbele ya watu wote. Ndani ya mtandio, mabega ya bibi harusi yalikuwa yanatikisika. Sijui alikuwa analia nini tena.

Jumapili, 4 Oktoba

Baada ya misa nimekwenda kwa Bwana Chande kupokea pongezi. Akanishukuru kwa kumsitiri binti yake. Halafu akasema tundu lilionekana, neno lake ni lile lile, ua ni wa Otto. Mtu anakushukuru na kukufukuza kwa pumzi moja. Sielewi. Nadhani ameona kazi ile ni ndogo kwangu.

Kipande kilichoungua akanipa nikakitupe. Nikitupe? Nimekitandaza mlangoni kwangu, Matogoro nzima ione. Ila kimejikunja kidogo pembeni. Nimemwambia Benigna awashe mkaa. Pasi bado sijairudisha.