Fomu Namba Saba na Mpira wa Mzee Masunga

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma wa Kilosa, Mikumi na vitongoji vyake vyote kwamba lile tatizo sugu la wanaume kupasuliwa tezi dume kisha kurudi nyumbani bila mtu wa kuwafuatilia, sasa limekwisha. Limekwisha kwa sababu tumeliundia kamati. Inaitwa Kamati ya Uratibu wa Huduma Endelevu Baada ya Upasuaji wa Njia ya Mkojo, na mimi, Yared Nikolaus, ndiye Mratibu wake. Tuliizindua kwa fulana, kofia na ngoma. Utepe ulikatwa mara mbili, maana mara ya kwanza mpiga picha alikuwa anakula.

Kwa wasiojua mambo haya ya kitaalamu, nieleze kidogo. Mzee akishapasuliwa hurudi nyumbani na mpira mwembamba unaotoka kwenye kibofu na kuishia kwenye mfuko wa mkojo uliofungwa pajani. Daktari humwandikia tarehe ya kuutoa. Tarehe ikifika, nesi anachukua bomba la sindano, ananyonya maji ya puto dogo linaloushikilia mpira huko ndani, anavuta, mzee anasema "uwii" mara moja, basi. Dakika tano. Ukichelewa, uchafu unapanda, homa inapanda nayo, na mtu anaweza kufa wakati kidonda chenyewe kimeshapona.

Kamati ilitafakari ikaona jambo zito namna hiyo haliwezi kuachiwa dakika tano. Tukajifungia siku nne katika hoteli moja ya Mikumi ambako tembo huja kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, tukatoka na Mwongozo wa kurasa sitini na nne. Kiini chake ni Fomu Namba Saba, Uthibitisho wa Mkazi Mwenye Mpira. Mwenyekiti wa kitongoji ambako mgonjwa ameandikishwa anafika kwake, anaiona nyumba, anauona mpira kwa macho yake mwenyewe, anathibitisha kwamba mgonjwa ameishi hapo miezi sita, anasaini na kugonga muhuri. Bila fomu hiyo, mpira wa mkazi hauguswi.

Tuliwaondoa wapita njia tu. Hapo lazima nijisifu kidogo, wazo lilikuwa langu. Nilikumbuka watalii wa mbugani. Mzungu mwenye mpira akianza kuhangaika kumtafuta mwenyekiti wa kitongoji, si atakwenda kututangaza vibaya kwao? Tukaandika kwamba mpita njia ahudumiwe palepale. Wananchi tunao siku zote, hawaendi popote, wao wanaweza kusubiri.

Mgonjwa wetu wa kwanza alifika ofisini Kilosa siku ya Jumatatu. Mzee Masunga, miaka sabini na mbili, mkulima wa mpunga wa Kilangali, mtu aliyekuja na ng'ombe zake kutoka Shinyanga miaka ishirini na sita iliyopita. Mpira wake ulitakiwa kutolewa siku hiyohiyo. Alikuja kwa bodaboda, mkewe Mama Kija nyuma yake akiushikilia ule mfuko, ameuviringishia khanga usionekane na watu.

Akasimama mbele ya meza yangu, kimya. Kwa umri alikuwa anasubiri shikamoo. Mimi nina miaka hamsini na tisa, lakini nina ofisi, nami nilikuwa nasubiri yangu. Tukasubiriana mpaka karani wangu Jenipher akachoka.

"Shikamooni nyote," akasema. "Mzee, lete fomu."

Fomu ilikuwa imejazwa vizuri, muhuri umekaa mahali pake. Lakini jicho la mtu aliyekaa serikalini miaka thelathini halidanganyiki.

"Mzee, hii sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji mbona ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Mwenyekiti ni mimi."

"Na mgonjwa?"

"Naye ni mimi."

"Kwa hiyo ulikwenda kujitembelea?"

"Nilijikuta nipo."

"Na mpira ukauona?"

"Mheshimiwa, huo mpira nalala nao."

Nilimweleza kwa upole kwamba huo unaitwa mgongano wa maslahi, na kwamba nchi zimeangushwa na mambo madogo kama hayo. Mtu akiruhusiwa kujithibitisha mkojo, kesho atajithibitisha nini? Nikampa njia mbili. Ajiuzulu uenyekiti, uitishwe uchaguzi, mwenyekiti mpya aje amkague. Au ahamie kitongoji cha jirani, akae miezi sita, athibitishwe na mwenyekiti wa huko.

"Miezi sita na huu mpira?" Mama Kija akauliza.

"Mama, usiingilie utaratibu."

"Utaratibu gani baba? Si nesi yupo hapo ng'ambo ya barabara? Namwona kutoka hapa!"

Alikuwa anamwona kweli. Nikamwomba Jenipher afunge pazia.

Mzee Masunga yeye hakubisha. "Nduhu tabu," akasema, ambayo kwa Kisukuma chao ni hakuna shida. Wazee wa namna hii ndio wanaorahisisha utawala. Nikamwambia arudi Alhamisi, kamati itakaa.

Alhamisi kamati haikukaa. Wajumbe watano kati ya tisa walikuwa Morogoro kwenye semina ya kuharakisha huduma, ikaongezwa siku mbili. Nikamkuta mzee amelala kwenye benchi la nje, anatetemeka jua likiwa la kutosha kuanika mpunga. Kwenye ule mfuko mkojo ulikuwa umegeuka kama maji ya mto wa masika.

"Huyu mtu anachemka!" Mama Kija akapiga kelele. "Mguse! Mguse uone!"

Sikumgusa, kwa kuwa mimi si mtabibu. Nilimshauri mama aweke malalamiko kwa maandishi. Akanitazama, halafu akasema maneno ya Kisukuma ambayo Jenipher, aliyekulia Kilangali, alikataa kata kata kunitafsiria. Dakika kumi baadaye benchi lilikuwa tupu. Kwenye taarifa ya mwezi nikaandika: mgonjwa mmoja, ametoroka huduma.

Baadaye ndipo nikapata habari, tena kwa watu wa nje. Mama Kija alimpakia mumewe kwenye bodaboda ileile, wakashuka na mashimo ya barabara hadi Mikumi, kwenye kituo kidogo cha afya, kwa nesi mmoja anaitwa Vaileth. Binti wa milimani kwetu, wa kanisani kwetu, nampa lifti baba yake kila mara. Huyo nesi alimwona mzee anatetemeka, akautoa mpira, akampa dawa, akamlaza siku mbili, akamruhusu. Mzee akapona. Bila fomu!

Wengine walifurahi. Mimi nilichukua kalamu, nikamwandikia Vaileth barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Akajibu kwa mistari miwili.

"Shikamoo baba. Mgonjwa hakuwa mkazi wa Mikumi, alikuwa mpita njia, na Mwongozo wako ukurasa wa arobaini unasema mpita njia ahudumiwe palepale."

Hee! Nikasoma ukurasa wa arobaini. Mtoto mjanja kweli. Nikaitisha kamati kwa dharura, safari hii wakaja wote kwa kuwa kulikuwa na chakula, tukauziba ule mwanya. Tukatunga Fomu Namba Nane, Tamko la Kutokuwa Mkazi: mpita njia yeyote Mtanzania aandike kwa mkono wake kwamba si mkazi wa mahali alikoandikishwa, na mwenyekiti wa huko asaini kwamba ni kweli. Waraka ukabandikwa katika kila chumba cha nesi kuanzia Kilosa hadi Mikumi, kwa herufi kubwa, sahihi yangu chini: ASIGUSWE MTU BILA FOMU, BILA KUJALI CHEO, UMRI WALA MAUMIVU.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye taarifa za kamati. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakaa chooni muda mrefu kuliko kawaida. Watumishi wakadhani nasoma mafaili, nikawaacha wadhani. Siku moja mkojo ukagoma kabisa. Sikuwahi kujua kwamba mtu mzima mwenye ofisi anaweza kulia kwa kitu ambacho mbuzi anakifanya huku anatembea. Nikakimbizwa mjini, nikapasuliwa, wakanifanyia kazi nzuri sana, nikarudishwa nyumbani na mpira, na tarehe ya kuutoa.

Tarehe ilipofika nilivuka barabara kwenda kwa yule nesi wa ng'ambo. Akaniamkia vizuri. Halafu akanyoosha kidole ukutani, kwenye sahihi yangu.

"Wewe si unanijua?" nikamwuliza.

"Nakujua sana, Mratibu. Ndiyo maana naogopa."

Nikaenda wa pili, wa tatu, habari ni ileile. Gari la ofisi lilikuwa gereji. Nikapanda bodaboda hadi Mikumi kwa Vaileth, na hapo ndipo nilipoijua ile barabara. Kila shimo lilikuwa linanisalimia kwa jina. Kuna sehemu nilimwomba dereva anishushe nitembee, akasema, "Mzee vumilia, mbele kuna mabaya zaidi."

"Shikamoo baba," Vaileth akasema, akaninawisha mikono, akanipa kiti. "Fomu Namba Saba iko wapi?"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeitunga."

"Ndiyo baba. Hukusaini hapo ukutani kwamba hata mwenye cheo asiguswe? Umeandikishwa mkazi wa wapi?"

Hapo nikalikumbuka shamba langu. Mwaka ule Kilangali walipogawia wakazi mashamba mapya, nilijiandikisha mkazi wa huko. Nikapata ekari nane nzuri, karibu na mfereji. Sijawahi kulala Kilangali hata usingizi wa mchana.

"Kilangali," nikasema.

"Ahaa. Kwa Mzee Masunga," Vaileth akasema, wala hakucheka. Angecheka ningejua pa kuanzia.

Nikageuza bodaboda. Mzee Masunga nilimkuta uani kwake anatengeneza mpini wa jembe, amenenepa. Mama Kija alikuwa anapepeta mpunga. Mfuko wangu nilikuwa nimeuviringishia koti la suti, lakini mama yule alitazama koti mara moja tu akajua kila kitu.

Hakukuwa na karani wa kuniokoa. "Shikamoo mzee," nikasema.

Aliiacha ikae kidogo. "Marahaba, Mratibu. Karibu kiti. Au tusimame?"

Tulisimama. Nikampa Fomu Namba Saba, akaisoma yote, kwa sauti, mpaka majirani wawili wakasogea. Akasema sawa, mpira ameuona. Sasa nyumba.

"Nyumba ipi?" nikasema.

"Mwongozo wako unataka nimkute mgonjwa nyumbani kwake. Yako iko wapi hapa kitongojini? Mimi nazijua zote, lakini huenda nimezeeka."

"Nina shamba, mzee."

"Shamba nalijua. Nalipitia kila siku. Nyumba?"

"Nyumba bado."

"Nduhu tabu," akasema kwa upole kabisa. "Tutakusubiri ujenge. Ukimaliza tunahesabu miezi sita."

"Mzee, nina homa!" Nilikuwa nayo kweli. Meno yalikuwa yanagongana. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kufa uani kwa mtu nimeshika koti. "Nisaidie! Saini tu kwamba nakaa hapa!"

Akanirudishia fomu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nikisaini uongo, Mratibu, nitakuwa nimeharibu utaratibu wako. Lakini si mlituletea na ile nyingine? Namba Nane. Andika ukweli kwamba hukai hapa, nasaini sasa hivi, unakuwa mpita njia, unakwenda kutibiwa. Sitaki ufe. Mimi nilishaonja."

Mama Kija akaleta kalamu kabla hajaombwa. Akaleta na kiti cha kuandikia.

Nilijua ninachokiandika. Ekari nane, mfereji, mpunga wa msimu mzima uliokaribia kukata kiu yangu ya kustaafu vizuri. Nikaandika kwa mkono wangu: Mimi Yared Nikolaus si mkazi wa Kilangali na sijawahi kuwa. Mzee Masunga akasaini, akapulizia muhuri pumzi, akagonga. Akampigia simu Vaileth kumwambia naja, na akamwambia dereva wa bodaboda aende taratibu.

Vaileth alitumia dakika nne. Nilisema "uwii" mara tatu. Nilimwomba anibandulie ule waraka wa ukutani, nikaufuta kwa kalamu nikiwa bado nimelala, nikasaini tena chini yake, na fomu zote mbili zikafia hapo. Katika taarifa ya mwezi nimeandika: mgonjwa mmoja, amehudumiwa, utaratibu umeboreshwa.

Jumamosi iliyofuata nilisikia kuna mkutano wa hadhara Kilangali, ajenda ni shamba lisilo na mkazi lililopo karibu na mfereji. Nilivaa suti nikaenda. Tamko langu likasomwa, mwandiko wangu ukapitishwa watu wauone. Watu wakaanza kupendekeza majina ya vijana wasio na pa kulima. Nikanyoosha mkono, nikaushikilia juu muda mrefu, mpaka Mzee Masunga akanigeukia.

"Shusha mkono, Mratibu," akasema. "Mkutano huu ni wa wakazi."