Kiduara cha Mwenyekiti wa Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Juni
Kwa heshima na taadhima, ulimwengu unatangaziwa kwamba ubao wa heshima wa klabu yetu ya bochas, mchezo wa kuviringisha matufe, hapa Durazno, umeongezwa namba. 14º. Kwa rangi ya dhahabu! Mwandishi: mimi, Aníbal Echenique, fundi mabango. Mwenyekiti wa kumi na nne: mimi pia. Uchaguzi ni Jumamosi, lakini baridi hii haikaushi rangi upesi. Jina sijaandika. Mimi si mtu wa kujitanguliza.

Fahari yangu ni kile kiduara kinachoning'inia juu, pembeni mwa namba. Kwa lugha yetu, maana yake mwenye cheo ni mwanamume. Angekuwa mwanamke, pangekaa “a” ndogo. Wenyeviti wote waliotangulia wana viduara. Changu ndicho cha mviringo safi kuliko vyote.

Jumanne, 4 Juni
Nelly Bentancor anagombea! Huyu huyu wa kantini, anayetushinda sote kuviringisha matufe mchangani halafu anatupa pole. Kauona ubao. Kauliza hicho kiduara ni cha nani. Nikasema ni cha mwenyekiti yeyote atakayepatikana. Basi weka brashi karibu, bwana Aníbal, akasema, maana “a” ina mkia. Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Na walikuwa wanakunywa chai yangu ya yerba mate!

Jumatano, 5 Juni
Mkakati umepatikana. Jumamosi nitachoma mbavu za ng'ombe uani, bure kwa wanachama wote. Nani atamnyima kura aliyemshibisha? Zulma, mke wangu, kaniuliza kama nimesikia redio inasemaje kuhusu hali ya hewa. Nikamjibu kwamba mwenyekiti hatishwi na redio. Akasema sawa, mheshimiwa, ila chukua mwavuli.

Ijumaa, 7 Juni
Kuni tayari. Nyama tayari. Hotuba tayari, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikajipigia makofi. Kusema kweli namhurumia Nelly. Maskini, atapigiwa kura na nani? Aibu iliyoje, mbele za watu!

Jumamosi, 8 Juni
Mvua! Mvua ya kumwagwa kwa ndoo! Moto umezimika, mbavu zimeogelea, nami nimebaki uani na mwavuli wa Zulma nikipepea jivu. Mvua ikinyesha, kila mtu hapa hutaka torta frita, andazi letu bapa la kukaanga, na Nelly alishabandika sufuria ya mafuta. Unga ukachachatika, harufu ikajaa ukumbi. Hakuomba kura hata moja. Aliniita tu: ingia ndani wewe, utakufa na nimonia kabla hujashindwa.

Nimeshindwa. Kwa kura moja! Nikadai zihesabiwe upya. Mzee Wáshington, mwenyekiti anayemaliza muda, kahesabu tena, mdomo unang'aa mafuta. Matokeo yale yale. Hujuma! Kuna msaliti kati yetu. Namshuku Wáshington. Namshuku Zulma pia, alikula sana.

Jumapili, 9 Juni
Nimepanda ngazi kuandika jina la Nelly. Ukumbi mzima chini yangu, kila mmoja na ushauri wake. Nikakiongezea kiduara mkia. Kumbe ndio uliokuwa unakosekana! 14ª. Herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Wakashangilia. Nelly akafuta jicho kwa aproni, kisha akasema mafuta ya jana bado yanamwasha. Akaniletea torta frita yenye sukari juu, kama nipendavyo, akaninong'oneza kwamba waungaji mkono wake anawajua wote kwa majina, na kura moja ilizidi. Asante, Aníbal, akasema. Nikajifanya nimepaliwa na unga.

Sasa ukweli, kwa kuwa Zulma hasomi shajara hii. Msaliti ni mimi. Nilishika karatasi ya kura mkono mmoja, torta frita ya moto mkono wa pili, nguo zinachuruzika. Nikamtazama Nelly usoni, unga puani, anageuza vitu vyake kwenye mafuta. Nikafikiri: mimi nimeshashinda, huyu asiaibike kwa kukosa hata kura moja. Nikaandika jina lake. Kwa huruma!

Sijutii sana. Klabu imechangamka, na torta frita ilikuwa tamu.

Mwakani simhurumii mtu. Rangi ilibaki kidogo kwenye kopo, na ngazi ilikuwa bado imesimama. Nimeandika 15º. Jina sijaandika. Mimi si mtu wa kujitanguliza.