Pa Kula Achague Daktari

Jumamosi, 5 Mehr

Wiki ndiyo kwanza inaanza, na tayari nimeshindwa.

Kikao cha familia nyumbani kwa Golnar, dada wa mke wangu. Ajenda moja tu. Mwaka wa msiba wa mama mkwe umetimia, nguo nyeusi zimevuliwa, sasa Ijumaa tumtoe Baba akale nje. Tangu tumzike mama, Baba anakula mkate na jibini na kusema ameshiba. Dereva wa treni mstaafu, mtu wa mabega, leo koti linamning'inia. Tehran imejaa mikahawa. Tunaoutaka ni mmoja tu, utakaomrudishia hamu ya kula. Atakayeuchagua huo ndiye atakuwa mkwe. Mwingine atabaki kuwa mume wa binti.

Tukamuuliza Baba anataka kula wapi. Akasema popote, yeye hana shida, sisi tukishiba naye kashiba. Jibu la adabu. Ndani yake hamna habari yoyote.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Nyumba ya kebab kule Darband, kando ya kijito, unakaa juu ya zulia na moshi wa mkaa unakupitia usoni. Wiki mbili nimeliandaa. Wote wakanigeukia. Nami, kwa malezi niliyopewa na mama yangu, nikamwambia mwanyumba wangu Kamyar, mume wa Golnar, daktari wa meno: hasha, achague Daktari, yeye ndiye mwenye ladha. Adabu inataka akatae mara tatu, kisha mimi nikubali kwa shingo upande. Mtoto wa miaka sita anajua.

Kamyar akasema, "Haya," akatoa simu.

Hakukataa hata mara moja! Alisoma Ujerumani miaka sita. Nadhani adabu walimng'olea huko, bila ganzi.

Kachagua Samawati. Ghorofa ya ishirini na moja, kaskazini mwa mji, sahani pana kama usukani na katikati yake kitu cha ukubwa wa kifungo. Baba atakitazama kile kifungo na kusema ameshiba, na kwa mara ya kwanza nitamwamini.

Garini Mahrokh, mke wangu, alisema si nilimpa mwenyewe. Nikamweleza kwamba nilimpa ili akatae. Akasema basi siku nyingine nimwambie hivyo. Miaka kumi na moja ya ndoa, na bado namfundisha mambo ya msingi.

Jumapili, 6 Mehr

Nimelala vizuri, nimeamka na mpango. Kwanza nijue Baba anapenda kula wapi kwa kweli. Kumuuliza ni kazi bure. Lazima achunguzwe.

Nauza mabomba na vifaa vya bafu, kwa hiyo sababu ya kuingia nyumba ya mtu ninayo wakati wote. Nikaenda kwa Baba kutazama bomba la jikoni. Bomba zima kabisa. Nikalilegeza kidogo ili nipate cha kukaza.

Akanikaribisha mkate na jibini. Nikakataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasubiri ya nne. Haikuja. Alikuwa ameshageukia dirishani, anamtazama njiwa. Nilikuwa na njaa kweli.

Ndani ya friji: jibini, nusu tikiti, dawa za presha. Inatia huzuni. Nampenda mzee huyu, niseme tu, humu hakuna atakayesoma.

Nikitoka, mke wa mlinzi wa jengo alinidokeza kwamba kila Jumatatu, saa tano asubuhi, Baba huvaa koti lake zuri na kutoka. Anakwenda wapi, haijulikani. Nikamshukuru kwa utulivu. Moyoni nilikuwa naruka.

Jumatatu, 7 Mehr

Dukani nimesema naumwa tumbo. Nikamfuata.

Alipanda metro hadi kusini, karibu na stesheni kuu ya reli. Mimi behewa moja nyuma, miwani myeusi, kofia ya baridi. Joto lilikuwa kali. Anatembea polepole mno siku hizi, mara mbili nusura nimkanyage visigino.

Akafika mbele ya kijumba cha dizi, ile nyama ya mchuzi ipikwayo chunguni; kijumba cha zamani, unashuka ngazi nne na ndani kuna meza saba. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, anatazama watu wakishuka na watu wakipanda. Dakika kumi nzima. Kisha akarudi alikotoka.

Sikumfuata tena. Nikavua ile kofia.

Nikashuka ngazi, nikamuuliza mwenye kijumba, Mashdi Heydar, mtu mwenye masharubu makubwa. Akanieleza yote huku anapanga vitunguu. Baba na mama walikuwa wakija pale miaka thelathini, kila Jumatatu Baba asipokuwa safarini, meza ile iliyo karibu na samova, birika kubwa la chai. Tangu mama afariki, mzee anaishia ng'ambo. Mashdi mara tatu amemwendea na kumwambia, "Ingia, Bwana Nosrat, nyumba ni yako." Mara tatu Baba amejibu kwamba ameshiba.

Nikala dizi mbili. Kwa ajili ya uchunguzi. Unamimina mchuzi bakulini, unamegea mkate, unakunywa. Halafu nyama na dengu na viazi vilivyobaki kwenye chungu unavitwanga kwa mchi na kula na kitunguu kibichi. Darband naifuta. Ni hapa.

Mtu mwingine angemwambia mke wake. Mimi si mjinga. Nikimwambia Mahrokh, jioni Golnar anajua, na asubuhi ni wazo la Kamyar.

Jumanne, 8 Mehr

Simu kwa Samawati. Niliigiza sauti ya Kamyar, ya puani. Nikasema mimi ni Daktari Kamyar na ninafuta meza yangu ya Ijumaa saa saba. Yule dada akauliza kuna tatizo gani, Mungu apishie mbali. Sikuwa nimejiandaa kwa swali. Nikasema tumefiwa. Akauliza na nani. Nikasema mama mkwe.

Si uongo. Ni habari ya mwaka jana tu.

Akanipa pole nyingi, sauti ikatetemeka, akasema wako pamoja nasi. Meza imefutwa. Kazi safi, haijaacha alama.

Jumatano, 9 Mehr

Imeacha alama. Samawati, nani tena, wamepeleka shada la maua kliniki kwa Kamyar. Waridi jeupe, utepe mweusi, kadi ya pole isiyo na jina la aliyeleta. Kamyar, ninavyomjua, akadhani ni mgonjwa wake mmoja kakumbuka mwaka wa mama. Akalibeba nyumbani. Golnar akadhani kalinunua yeye. Akalia kwa furaha, akamkumbatia, akasema kumbe hakumsahau mama yake.

Kamyar alisema nini? Hakusema kitu. Kapokea. Huyo mtu ukimpa chochote anapokea.

Golnar kampigia Mahrokh simu ya dakika arobaini. Baadaye Mahrokh akaniuliza, kwa sauti ya chini, mimi nimemkumbuka mama yake kwa lipi. Siwezi kusema. Nalala sebuleni, kwa hiari yangu, kabla sijaambiwa.

Alhamisi, 10 Mehr

Nimekwenda kwa Mashdi Heydar kuomba meza ya karibu na samova kwa kesho saa nane. Akasema Ijumaa pale hata paka hapati nafasi, lakini kwa ajili ya Bwana Nosrat ataiweka, kwa macho yake yote mawili. Akaweka mkono kwenye jicho.

Njiani nikaanza kuwaza. Kasema kweli, au kasema kwa adabu? Nilipaswa kumsisitizia. Nikarudi, nikamkuta kafunga.

Ijumaa, 11 Mehr

Naandika haraka, kabla sijasahau hata tone.

Gari la Kamyar, sote watano. Baba kavaa koti zuri. Samawati, ghorofa ya ishirini na moja, dada wa mlangoni akaangalia daftari, akaangalia sisi, akaweka mkono kifuani. Akasema poleni sana, hatukutarajia mtakuja na msiba ungali mbichi. Golnar akashika ukuta, akauliza nani kafa. Yule dada akamgeukia Baba na kumwambia Mungu ampe subira. Baba akamjibu, "Ahsante, binti yangu," kisha akaninong'oneza kwamba ikiwa anayekufa ni yeye, basi aambiwe mapema.

Meza hakuna. Kamyar akasema wamekosea, akabishana puani. Nilijitazama kwenye kioo cha lifti. Uso wa mtu asiye na hatia.

Chini, kando ya barabara, ndipo kazi ilipoanza. Mahrokh akasema popote, yeye hana shida. Golnar akasema popote, Baba akipenda. Baba akasema popote, mkipenda nyinyi. Kamyar akasema popote penye maegesho. Robo saa hivyo, kwenye jua, na Tehran nzima inakwenda kula. Baba akaanza kusema kwamba kweli ameshiba, turudi nyumbani, jibini ipo.

Nikakohoa. Nikasema, kana kwamba nimekumbuka tu, nimesikia kuna kijumba cha dizi karibu na stesheni ya reli.

Baba akanitazama. Akasema ni mbali. Nikasema si mbali. Akasema tusijisumbue. Nikasema si usumbufu. Akasema ameshiba. Hiyo ya tatu. Hapo mtu mwenye adabu huacha. Lakini kichwani nilimwona tena ng'ambo ya ile barabara, mikono nyuma, na nikashindwa kuacha. Nikamwambia, "Baba, mimi sijashiba. Twende, unisindikize." Akainamisha kichwa. Akafungua mlango wa gari mwenyewe.

Ngazi nne. Kwenye ya pili alisimama, nikadhani atageuka. Mahrokh akamshika mkono. Ndani pamejaa, watu hadi ukutani, na meza ya samova ni tupu. Macho yote mawili ya Mashdi Heydar yalikuwa ya kweli.

Baba alikaa kiti chake. Hakuna aliyemwambia ni kipi. Chungu kilipofika, hakutaka mtu aguse mchi. Akatwanga mwenyewe, akagawa mwenyewe. Akala. Akasema mama alikuwa akimwekea mafuta ya nyama kutoka bakuli lake na kudai hayapendi, na ilimchukua Baba miaka ishirini kujua kwamba anayapenda. Akalia, hakujificha. Halafu akaomba kitunguu kingine. Akala mpaka akafuta chungu kwa mkate. Mabinti zake walikuwa wanamtazama bila kutafuna. Kamyar alitupa tai begani, akaomba cha pili.

Mashdi Heydar akaja na chai. Akaniuliza mbele ya wote kama leo naishia moja, maana Jumatatu nilikula mbili.

Mahrokh akanigeukia polepole. Nikaanza kutunga hadithi ya fundi bomba aliyeniita mtaa ule.

Baba akasema, bila kuinua macho kwenye chai, kwamba Jumatatu aliniona tangu kwenye metro, na ile kofia. Akasema alitembea polepole makusudi, nisimpoteze.

Nilikunywa chai ya moto yote kwa mkupuo, nikaungua ulimi. Chini ya meza Mahrokh alinishika mkono, na leo silali sebuleni.

Jumamosi, 12 Mehr

Siku kubwa. Chai kwa Golnar. Baba, rangi imemrudi, akagonga kijiko kwenye gilasi. Akatangaza kwamba kuanzia sasa, Ijumaa ya pili ya kila mwezi, tutakula nje sote. Na pa kula atachagua Iraj.

Iraj ni mimi. Kwa jina, mbele ya Kamyar. Miaka kumi na moja nimeingoja sentensi hiyo. Kifua kilijaa, masikio yakapata moto. Kichwani Darband ilishapita, na Darake, na yule mtu wa maini pale Tajrish. Wote wakanigeukia.

Nikafungua mdomo, nikasikia ukisema: hasha, Baba, mimi nani, achague Daktari.

Kamyar akasema, "Haya," akatoa simu.

Samawati. Wamempa meza ya dirishani, kwa sababu ya msiba. Baba aliweka kijiko chini, akasema popote, yeye hana shida.

Sina wasiwasi hata kidogo. Namba yao ninayo. Mwezi mzima unatosha kujifunza sauti ya Golnar.