Shimo Ambalo Halikuwepo

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya hakimu, nikiwa na suti mpya.

Wengi mnajua kazi yangu. Mimi ni wakili wa kesi za madai, ofisi iko Thika, juu ya duka la mbegu. Sitetei wezi wala wauaji. Mimi ni wa majirani waliokosana. (Uzoefu ninao mwingi. Hata mteja asipouliza, namweleza.)

Mteja wa leo ni Mama Nafula. Alitoka Bungoma, akafanya kazi kiwandani hadi akajenga kanyumba kake kijijini Theta. Alipoenda kumuuguza mamake, jirani yake Baba Shiko, ambaye ni landlodi wa nyumba za kupanga, akachimba shimo la maji taka ya wapangaji ndani ya ploti ya Mama Nafula. Akalifunika kwa mabati na udongo, akapanda nyasi juu. Mama akarudi, akakuta ukuta wa jikoni umeanza kupasuka. Wapangaji walimnong'onezea siri, lakini nani atatoa ushahidi dhidi ya landlodi wake? Baba Shiko akaapa mahakamani kwamba hakuna shimo. Tusipoliona, kesi imekwisha, na mama wa watu atahama nyumba aliyoijenga kwa jasho la ujana wake wote.

Kwa hivyo leo hakimu akaja mwenyewe kujionea, pamoja na karani wake. Baba Shiko naye akaja na wakili wake. Tukazunguka ploti. Nyasi kila mahali, tena za kupendeza. Hakimu akatazama saa.

"Wakili, nionyeshe shimo."

"Mheshimiwa, kwa uzoefu wangu wa miaka mingi katika kesi za madai..." (Nikikwama, huwa naanzia mbali.) Nikataja ukuta, nikataja harufu, nikataja haki. Nyasi zilikuwa zimetulia tu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mheshimiwa."

Sasa sikieni. Mahakamani wakili hampi hakimu mgongo. Unainamisha kichwa, unarudi kinyumenyume. Nimefanya hivyo tangu nianze kazi, miguu imezoea. Basi pale shambani nikainamisha kichwa, nikarudi kinyumenyume. (Nilikuwa narudi wapi, na hakukuwa na kiti? Msiniulize.)

Nikasikia bati likilia chini yangu. Kisha nikaona mawingu. Kisha nikazama hadi kifuani ndani ya kitu ambacho sitakieleza, maana wengine wenu mnakula.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Baba Shiko. Huyu mzee ana roho nzuri, na leo roho hiyo ilimponza.

"Ngai! Mungu wangu! Wakili, usisonge huko kwa mparachichi! Huko ndio shimo imeenda chini sana!"

Wakili wake akafumba macho.

"Baba Shiko," hakimu akauliza polepole, "umejuaje?"

Hakimu akamgeukia karani.

"Andika. Shimo lipo. Andika pia kwamba wakili wa mlalamikaji yumo ndani."

Wakanivuta kwa kamba ya ng'ombe. Kabla sijakauka, wakili wa Baba Shiko alikuwa ananiomba tuelewane: shimo lifukiwe, ukuta ujengwe upya, gharama zote juu yao. Nikakubali nikiwa nimesimama mbali, kwa kuihurumia pua yake. Nilinuka vibaya sana, lakini sijawahi kusikia raha kama ile.

Mama Nafula alinimwagia maji beseni baada ya beseni, analia huku anacheka.

"Wakili wangu, hawa wengine huongea tu. Wewe umeingia mwenyewe."

Sasa niko nyumbani kwangu Ruiru, naoga tena. Watoto wamekataa kukaa sebule moja nami. Na nyinyi chekeni mkitaka. Mama Nafula leo analala kwake, na hahami.