Mianzi Mia Moja na Arobaini

Alhamisi, 3 Mei 1612
Napoli nzima hakuna mwenye bahati kama mimi, Aniello Scoppa, fundi mwashi. Wamekuja mapadri wanne wapya, wale wanaotembea peku, wanatafuta pa kujenga. Nyumba zote hizi, na wao wakabisha kwangu! Nimewapa nyumba ya marehemu bibi, bure. Nyumba ni bure, lakini kanisa atalijenga nani? Kazi ya miaka thelathini hiyo. Mke wangu Porzia kaniuliza kama bibi ameulizwa. Nimemwambia bibi yuko mbinguni, anaona mbali kuliko yeye.

Ijumaa, 4 Mei
Kumbe kuna sheria. Watawa wapya wasikae karibu na watawa wa zamani, umbali usipungue mianzi mia moja na arobaini ya mpimaji, wasije wakanyang'anyana waumini. Na hapa mtaani wapo watawa wa majoho meusi. Mpimaji wa askofu anakuja Jumatatu. Kipimo kisipotosha, hawa peku wanafukuzwa mjini. Mkubwa wao, Padri Ilarione, hali wala hanywi. Nimemtuliza. Nimepima mwenyewe kwa kamba, toka lango la weusi hadi mlango wa bibi, kichochoro kwa kichochoro. Kwa muuza samaki nilizunguka mara mbili, kwa uangalifu. Mia moja hamsini na miwili.

Jumamosi, 5 Mei
Cola, fundi mwenzangu mwenye wivu, kanicheka sokoni. Eti, "We Aniello, tangu lini mwanzi ukakata kona? Hupimwa anavyoruka njiwa!" Nikamjibu njiwa wangu ni mnene, huenda kwa miguu. Wauza biringani wakacheka. Nimeshinda.
Hata hivyo nilipanda paani na mwanzi. Toka lango la weusi, mia moja arobaini na mmoja. Umetosha. Nimekula maharage bakuli tatu.

Jumatatu, 7 Mei
Mpimaji kaja. Mkuu wa weusi, mzee mpole, kasema taratibu kwamba hawapimi toka langoni, wanapima toka ukuta wao wa mwisho, yaani jiko jipya. Nikasema lile si jiko, ni banda, kalijenga mlevi fulani. Mpimaji akainama, akasoma jiwe la pembeni: ANIELLO SCOPPA KAJENGA, 1611. Nililichonga mwenyewe, herufi kubwa, lisomeke toka barabarani.
Mia moja thelathini na mmoja. Cola akauliza, vipi fundi, njiwa kachoka?

Jumanne, 8 Mei
Wamepewa hadi Jumamosi kuondoka. Mizigo yao ni sufuria moja na msalaba. Padri Ilarione hakunilaumu, kasema tu jiko lenyewe ni zuri. Afadhali angenipiga. Nimewaleta kwetu, walale kitandani petu. Mimi na Porzia tuko sakafuni. Anasema wanakula kidogo kuliko mimi na wanashukuru zaidi.

Jumatano, 9 Mei
Nimepata! Binamu yangu ana zizi upande wa lango la mashariki. Jirani ni watawa wa majoho ya kijivu. Toka lango lao, mia moja arobaini na miwili. Ukuta wao wa bustani unasogea huku kidogo, nao niliujenga mimi, lakini jina nimeshalipaka chokaa. Padri Ilarione nimemwambia afungue mizigo.
Na ile bahati ya Alhamisi. Hawakubisha kwangu. Niliwavizia siku tatu kwenye lango la mji, nikawapokonya sufuria, nikakimbia nayo hadi nyumbani. Wakanifuata.