Sweta la Mjomba Nusunusu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetangaza vita. Dada yangu, ambaye tumbo lake sasa linaingia chumbani kabla yake, kasema mezani mbele ya watu kwamba mtoto akizaliwa mimi simshiki. Kisa? Eti sijawahi kumaliza kitu. Ukuta wake niliupaka rangi upande mmoja. Udereva niliacha kabla ya somo la kurudi nyuma. Ndiyo maana ananiita Nusunusu. Akasema mtoto si kitu cha kushikwa nusu. Nimletee kwanza kitu kimoja nilichokimaliza kwa mikono yangu. Shemeji akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Dada yake shemeji, shangazi mtarajiwa, hata hakuinua macho. Alikuwa anafuma sweta la mtoto kwa sindano ya kroshia, ile yenye ncha iliyopinda. Jamani, vile vidole! Anafuma, anakunywa chai, anasengenya, vyote kwa mpigo. Nikasimama nikatangaza: nami nafuma sweta! Shemeji akapaliwa tena.

Nimeumia, lakini. Nimeumia kweli. Namtaka huyo mtoto nimshike. Wa kwangu sina.

Jumanne, 4 Juni

Nimenunua uzi wa njano na sindano. Mwuza nyuzi kauliza kama ni vya mke wangu. Nimejibu ndiyo. Mke sina pia.

Masaa matatu, kitanzi ndani ya kitanzi. Jasho. Nikapata kitu cha ukubwa wa sikio. Nikavuta uzi kidogo ili kinyooke. Prrr! Kimekwisha! Hakuna kilichobaki ila uzi uliojikunja miguuni pangu.

Nimekaa nikautazama muda mrefu. Hakuna fundo, hakuna gundi. Kumbe sweta zima ni uzi mmoja uliojikumbatia! Nani alilifikiria jambo hili mara ya kwanza? Miaka arobaini na miwili navaa masweta, sijawahi hata kushukuru.

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi kamaliza lake. Siku tatu! Si mtu yule, ni mashine.

Mashine! Hapo ndipo akili ilipowaka. Nimemwomba Dada aniazime lile sweta nikalitazame kwa utulivu. Kanipa, huku ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikalipeleka moja kwa moja kazini. Mimi ni mtoa kopi, mwaka wa kumi na nane huu. Nikamsubiri mwanafunzi mmoja wa uchoraji ramani amalize kukuza michoro yake, Mama Mwenye Duka akatoka kwenda benki, nami nikalilaza sweta kwenye kioo. Mwanga ukapita. Lo! Kila kitanzi kimetokea, cheusi juu ya cheupe, mamia kwa mamia, vyote vimeshikana mikono. Nimetoa kopi ya mgongo, ya kifua, na ya mkono mmoja. Wa pili si ndugu yake?

Kopi zimekuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Nikajiambia: jicho hudanganya, mashine haidanganyi. Mpango ni huu: nakata karatasi kwa umbo la sweta, nafuma mpaka uzi uifunike karatasi. Akili ni mali! Sweta la Shangazi nimelirudisha kabla ya chai ya jioni.

Jumapili, 9 Juni

Mgongo umefunika karatasi! Nimeubusu. Nyumba nzima niko peke yangu, lakini nimepiga vigelegele.

Uzi umekwisha mara mbili. Mwuza nyuzi kauliza mke wangu anafuma pazia la dirisha gani. Mjinga yule. Ila hata mimi nashangaa. Kumbe mtoto mchanga ana mgongo mpana hivi! Na anatoka kwa dada yangu, mwanamke mwembamba vile? Leo nimewaheshimu akina mama wote duniani.

Jumatano, 12 Juni

Shangazi kaja dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Kaona nyuzi za njano zimenaswa kwenye shati langu. Kasema taratibu kwamba nikikwama atanielekeza, hakuna aibu. Aa, wapi! Jasusi. Nikamjibu nimeshamaliza, nangoja tu sifa.

Baada ya hapo nikashika sindano chini ya meza. Mteja nikampa vyeti vya mtu mwingine. Mama Mwenye Duka kasema nikifuma tena kazini nitafuma maisha yangu yote, nyumbani.

Ijumaa, 14 Juni

Dada kapelekwa hospitali! Na mkono wa pili sijauanza! Uzi unanikimbia. Shemeji kapiga simu mara nne, kila mara kusema hakuna habari.

Nimepata njia. Sweta hukunjwa. Likikunjwa vizuri, na kufungwa utepe, nani atahesabu mikono?

Jumamosi, 15 Juni

Wa kike! Salama wote wawili!

Nimefika wodini na mzigo wangu wa njano. Nikampa Dada, nikasema usilifungue, utalichafua. Shangazi akavuta utepe. Sweta likafunguka. Likaendelea kufunguka. Likafunika miguu ya Dada. Muuguzi akauliza kama hili ni la baba. Shemeji alikuwa hana chai, akapaliwa hivyo hivyo. Kando ya Dada kulikuwa na mtoto ndani ya sweta la Shangazi, mdogo kama mkate! Ndipo nikamkumbuka yule mwanafunzi wa ramani. Mashine niliikuta imewekwa kwenye kukuza, nikaiacha hapo hapo.

Halafu Shangazi akauliza mkono mwingine uko wapi.

Nilitaka ardhi inimeze. Dada hakucheka. Alipitisha kidole juu ya vitanzi vyangu, mstari kwa mstari. Shangazi naye akavishika, akasema kwa mtu wa siku kumi na moja, vimenyooka. Alisema hivyo yeye mwenyewe! Kisha Dada akasema sweta hili litamtosha mtoto akianza shule. Basi mjomba wake ana miaka mitano ya kumaliza mkono mmoja, na mtoto hawezi kungoja kushikwa miaka mitano. Akamweka mikononi mwangu.

Sijui niandikeje. Ana kucha! Kumi, zote zimekamilika. Masikio yanapitisha mwanga wa dirisha. Akapiga mwayo, uso mzima ukaingia kwenye mwayo. Nililia, na sikujificha. Juzi hakuwepo mtu huyu. Leo yupo, ana joto, ananishika kidole. Mungu wangu, fundi wewe!

Jumatatu, 17 Juni

Nimeamka mtu mpya. Sasa inajulikana kwamba naweza, hata Shangazi kakiri. Nimebandika tangazo mlangoni mwa chumba changu: Fundi wa Masweta. Nimewaahidi wauguzi sita skafu, moja kila mmoja, kabla ya Ijumaa. Na mtoto nimeanza kumfumia kofia, maana uzi niliouweka kwa ajili ya ule mkono ulikuwa umekaa bure.

Dada kapiga simu mchana kuuliza mkono umefikia wapi. Nimemwambia atulie, kofia inakwenda vizuri sana.